Konokono wa Kezia na Mwalimu Asiyejua Kukataa

Mwalimu Perpetua Gallano, ambaye mji mzima wa Tagbakan ulimwita Pitang, alizaliwa na upungufu. Wengine huzaliwa bila kidole, wengine bila bahati. Yeye alizaliwa bila uwezo wa kukataa. Mkunga alimpiga kofi la makalio ili alie kama watoto wengine, naye badala ya kulia akaitikia kwa kichwa. Ndivyo habari ilivyopokewa, na aliyekuwapo wa kuikanusha amekwisha kufa.

Ugonjwa huo mahali pengine unaweza kuishi nao ukazeeka nao. Tagbakan huwezi. Hapa mtoto akizaliwa hutafutiwa mama wa ubatizo, na mwanamke akiombwa ubatizo hakatai, kwa maana akikataa mtoto hudumaa, hutoka vipele, au hukua na kigugumizi, na lawama humwandama mwanamke yule hadi kaburini. Sasa mtazame Pitang: mwalimu wa sayansi wa sekondari, mshahara kila mwezi, hana mume wa kumwuliza unakwenda wapi. Watu walimpangia foleni kama bomba la maji wakati wa kiangazi. Alishika watoto juu ya beseni la ubatizo mpaka mkono wake wa kushoto ukarefuka kuliko wa kulia. Padri akisahau jina la mtoto alimtazama yeye. Watoto walipopungua wakamletea vitu. Alisimamia baraka ya nyumba, akasimamia baraka ya pikipiki yenye kibanda ubavuni, akasimamia hata mashine ya kukoboa mpunga ya Diwani Baldevia, na mpaka leo mashine hiyo ikigoma fundi huuliza kwanza kama mama yake wa ubatizo amepelekewa habari.

Mtu wa namna hiyo, mwalimu mkuu akamkabidhi kazi gani? Kupanga makundi ya wanafunzi ya mashindano ya utafiti.

Kila mwaka shule za mkoa wa Antique hupeleka watoto San Jose, makao ya mkoa, wakaonyeshe walichokigundua. Shule moja kundi moja, kundi moja watoto watatu. Wanaoshinda hupelekwa Iloilo kushindana na mikoa mingine, na huko Iloilo ipo shule ya sayansi inayomchukua kiongozi wa kundi bora, ikamsomesha, ikamlaza, ikamlisha. Tagbakan haikuwahi kufika Iloilo. Mwaka mmoja watoto walipika sabuni ya maganda ya papai, ikamtoa mpishi wa shule nyusi. Mwaka mwingine walitengeneza dawa ya mbu ya majani ya ndimu, na mbu wakaipenda, wakawaita na jamaa zao wa wilaya ya pili.

Kila mwaka Pitang alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Escote, kuomba apumzishwe. Bwana Escote alimwambia, "Lakini watu wanakupenda, Mwalimu." Naye aliitikia kwa kichwa, akatoka na kazi ileile aliyoingia nayo.

Mwaka tunaousema akaja Kezia.

Kezia Panaguiton alikuwa binti wa mkulima wa Kibaptisti anayekaa ng'ambo ya daraja. Wabaptisti hawabatizi wachanga. Humngoja mtu akue, azijue dhambi zake kwa majina, ndipo wamtose mtoni mzima mzima. Kwa hiyo Kezia hakuwa na mama wa ubatizo. Huenda ndiye mtoto peke yake shule nzima ambaye akipita, Pitang hakulazimika kumwuliza mama hajambo.

Alimfuata Pitang baada ya kipindi, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti.

"Mwalimu, samahani. Nina konokono."

"Wangapi?"

"Wengi, Mwalimu. Lakini wanakufa vizuri."

Pitang akavua miwani. Konokono wa dhahabu, wale wa majini, wamekuwa msiba wa majaruba kwa miaka. Wakubwa waliwaleta wafugwe kwa chakula, wakachoka kufugwa, wakajifugia wenyewe. Wanataga mayai ya rangi ya waridi juu ya mabua, na miche ya mpunga iliyopandwa leo kesho haipo. Mzee Silas, baba yake Kezia, aliapa kwamba konokono mmoja alimaliza jaruba zima kisha akampandia nyati wake wa kulimia mgongoni akitafuta la pili.

"Wanakufa kwa nini?" aliuliza Pitang.

"Kwa kakawati, Mwalimu. Ule mti wa uzio. Upande ule majani yanapopukutikia majini, hawaji. Nimewatia kwenye ndoo nione. Ndoo moja majani mabichi, moja makavu, moja yaliyolowekwa, na moja sikutia kitu."

"Moja hukutia kitu kwa nini?"

Kezia alimtazama kama anayeogopa kwamba amekosea. "Ili nijue kama si maji tu yanayowaua."

Pitang alifundisha neno hilo kila mwaka kwa chaki na kwa kupiga meza, na hakuna mtoto aliyewahi kumrudishia. Jumamosi akavuka daraja, akapiga magoti mbele ya ndoo za Kezia mpaka sketi ikanywa maji yote ya uwanja ule, na alipoinuka alikuwa mwepesi kama msichana.

"Kundi la mwaka huu utaliongoza wewe," alisema. "Nitakutafutia wawili wa kukusaidia. Unaijua ile shule ya Iloilo?"

"Naijua, Mwalimu," alisema Kezia. "Huchukua darasa langu tu. Ukipita umepita."

"Basi hatutapitwa."

Maneno hayo aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya Mzee Silas na nyati.

Habari Tagbakan haisafiri. Huamka asubuhi ikiwa imeshafika. Jumapili baada ya misa Pitang hajavua viatu, mlango ukagongwa.

"Mare! Uko? Najua uko, viatu vyako naviona."

Alikuwa Leonisa Baldevia, mke wa diwani. Waliitana mare, kama waitanavyo wanawake waliounganishwa na ubatizo wa mtoto. Pitang, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia la jikoni, akatoka.

"Karibu, mare. Nilikuwa naosha vyombo."

"Kwa mikono mikavu? Haya, kaa. Nimekuletea bibingka, toka motoni sasa hivi. Kula kwanza, nisije nikaonekana nimekuja na shida."

"Umekuja na shida?"

"Nimekuja na mapacha."

Nje walisimama Rexon na Rexan, wamefanana kama nazi mbili za kichala kimoja, wakila mapera.

"Watoto wako hawa, mare. Wewe ndiye uliyewashika, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Si unakumbuka Rexon alivyokukojolea mbele ya padri?"

"Ni mimi," alisema Rexan toka nje.

"Nyamaza. Mkojo ulikuwa mmoja." Leonisa akageuka tena. "Nasikia ipo safari ya San Jose."

"Si safari, mare. Ni utafiti."

"Basi watatafiti. Wana macho manne."

"Nafasi ni tatu tu."

"Kwani nimeomba tatu? Nimeomba mbili. Mimi si mtu wa tamaa, unanijua."

Pitang alitafuna ile keki ya mchele ili kinywa kipate kazi. Leonisa hakusukuma. Alinyanyua macho tu, akaitazama picha ya mama yake Pitang pale ukutani, akasema taratibu, "Marehemu aliipenda sana bibingka yangu."

Na hapo ndipo kamba ilipokaza. Mwaka wa tufani kubwa, mto ulipopanda barabarani na mama yake Pitang alipozidiwa, hakuna aliyethubutu kuvuka ila lori la mashine la Baldevia, na aliyekaa nyuma na mgonjwa akishika mwavuli uliokwisha kugeuka nje ndani alikuwa Leonisa. Mama alipofariki, aliyepika siku zote za sala ya maombolezo alikuwa Leonisa. Hakuwahi kulitaja hilo hata mara moja. Deni la utu la namna hiyo halina risiti, halina siku ya kulipa, na mwenye nalo hulilipa kila anapoulizwa jambo.

Pitang akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake, bendera haijafika juu ya mlingoti, Bwana Escote akamsogelea ubavuni.

"Mwalimu Pitang, sikuagizi. Nakuuliza tu. Shaira wa dada yangu, na ile sauti yake, asipopata mahali pa kuitumia si itapotea bure?"

"Itapotea, bwana."

"Ahaa. Umesema mwenyewe."

Shaira naye alishikwa juu ya beseni, na mkono uleule mrefu.

Mapacha wawili, Shaira mmoja. Pitang alihesabu njia nzima ya kurudi nyumbani, akianzia kwa Shaira, akianzia kwa mapacha, akianzia katikati, na kila alipohesabu Kezia alibaki nje. Usingizi ulimhama. Akapata wazo, nalo lilikuwa wazo la mtu asiyejua kukataa: angetafuta kitu kimkatalie. Kazi yenyewe ingekataa kwa niaba yake. Mapacha wa Leonisa hawakuwahi kufua hata soksi. Angewatia matopeni siku nzima, na jioni mama yao mwenyewe angekuja na mwavuli kuwaokoa, na yeye Pitang angesikitika kwa sauti kubwa.

Jumamosi akawaita wote kwenye majaruba ya Mzee Silas. Shaira akaketi juu ya tuta na mwavuli, akaanza kukariri hotuba kabla haijaandikwa. Mapacha wakatazama matope. Matope yakawatazama mapacha. Kisha Rexon akavua viatu.

Waliotazama siku ile wanasema hawajaona kitu kama hicho. Watoto wale walizama na kuibuka kama nyati waliofunguliwa minyororo. Waliokota konokono kwa mikono, kwa kofia, kwa mashati. Walikwangua mayai mpaka majaruba ya jirani asiyehusika. Kezia aliwaambia ndoo hizi msichanganye, wakazichanganya, akawaambia tena, wakazipanga upya, wakaomba radhi kwa konokono mmoja mmoja. Jioni hata mzee wa Kibaptisti alikuwa anacheka.

"Ninang," walimwambia Pitang, ndivyo waitavyo hapa mama wa ubatizo, "kesho tena?"

Na Leonisa alipowaona wanaingia uani, meno tu ndiyo meupe, alilia. Kwa furaha.

"Mare, umewafanya wanasayansi! Mimi nilidhani hawana wanachokiweza ila kula!"

Akazunguka soko zima akitangaza. Kwa hila yake mwenyewe Pitang alikuwa ameufunga mlango na kuumeza ufunguo.

Bwana Escote alitaka majina kabla ya wiki kwisha. Pitang alimwita Kezia kwenye ujia, kati ya kengele na kengele, watoto wakipita na kupigana vikumbo.

"Kezia, mwanangu. Mwaka huu utakuwa msaidizi."

"Msaidizi wa nani, Mwalimu?"

"Wa kundi. Utawatunza konokono wenzako wakiwa San Jose. Konokono hawawezi kuachwa peke yao."

"Wanaweza, Mwalimu. Ni konokono."

"Mwakani jina lako litatangulia."

Wote wawili walijua kwamba shule ya Iloilo haimngoji mtu, na kwamba mwakani ni kifuniko cha sufuria lisilo na kitu. Kezia alitazama viatu vyake vya shule, vilivyopigwa rangi juu ya ufa.

"Sawa, Mwalimu. Michoro yangu ya ndoo nimpe nani?"

"Mpe Shaira."

"Sawa, Mwalimu."

Kengele ikalia. Yote hayo yalichukua muda wa kumenya ndizi.

San Jose ukumbi ulikuwa umejaa watoto waliovaa makoti meupe ya kuazima, wengine mikono imewapita vidole, wamesimama mbele ya mabango yao kama wafanyabiashara wasio na wateja. Sheria ya mashindano ni kwamba walimu wanakaa nje ya mlango wa kioo. Kutazama ruhusa, kusema marufuku. Pitang alibandika sikio kwenye kioo mpaka kikalainika.

"Mama, rudi nyuma ya kamba," alisema mlinzi.

"Narudi, mwanangu," alisema Pitang, na hakubandua sikio.

Shaira aliianza hotuba, na lazima haki isemwe, hotuba ilikuwa tamu. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikazunguka ukumbi. Aliwaeleza waamuzi kuhusu konokono kana kwamba amezaliwa nao tumbo moja. Watoto wa mabango mengine wakageuka kusikiliza. Pitang, nyuma ya kioo, alijikuta anaomba kwa watakatifu wote kwamba wamalize hapohapo, waamuzi wapige makofi, waende kula.

Mwamuzi mmoja, mama mwembamba mwenye penseli sikioni, aliinama juu ya michoro ya Kezia. Akakaa hapo. Watu wanaoinama muda mrefu ni wa kuogopwa.

"Kazi nzuri sana hii," alisema. "Hapa kwenye ndoo ya majani makavu, konokono hawakufa. Walipanda ukutani wakakaa juu ya maji. Kwa nini?"

Shaira akafanya alichoweza, akaanza upya. "Waheshimiwa waamuzi, habari za asubuhi…"

"Hotuba nimeisikia, binti. Nauliza ndoo."

"Walikuwa wanakimbia, mheshimiwa," alisema Rexon.

"Wanakimbia nini?"

"Hatujui. Kezia ndiye anayejua."

"Kezia ni nani?"

Rexon akapigwa kiwiko na Shaira, lakini pacha wake hakupigwa, na midomo yao ilikuwa miwili.

"Ndiye mwenye konokono," alisema Rexan kwa moyo mweupe. "Sisi tulibeba ndoo. Lakini tulibeba vizuri, mheshimiwa, hatukumwaga."

Mwamuzi akatoa penseli sikioni. Mlango wa kioo ukafunguliwa, na Pitang, aliyekuwa ameuegemea, nusura aingie kwa kifua.

"Mwalimu, huyu Kezia yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mheshimiwa."

"Kwa nini yuko nyumbani?"

Maneno yalikuwapo. Yalijipanga kooni kama watu kwenye mlango wa kanisa, kila mmoja akimpisha mwenzake, hakuna aliyetoka. Pitang akaitikia kwa kichwa.

"Sijakuuliza ndiyo au siyo," alisema mwamuzi, tena bila ukali. "Nimekuuliza kwa nini."

Wakaliondoa bango la Tagbakan kabla ya chakula cha mchana. Waliondoa hata meza.

Njia nzima ya kurudi, ndani ya lori la mashine, Leonisa alimlisha. Wali na kuku wa siki, kisha ndizi, kisha wali tena. Hakumlaumu. Aliwasema waamuzi, akaisema San Jose, akaisema penseli. Aliwaambia mapacha wana midomo kama mifereji isiyo na lango. Kwa Pitang alikuwa asali tupu.

"Usilie, mare. Mwakani tutawanyamazisha."

Pitang alikula kila alichopewa.

Jumapili alivuka daraja. Alikuwa ametunga maneno ya kusema, marefu na ya heshima. Mzee Silas alimwona toka mbali.

"Pita ndani, Mwalimu. Umefika wakati mzuri, chakula kiko mezani."

Na mezani palikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria konokono wamepikwa kwa tui la nazi na majani ya mlonge, wanang'aa. Ukikuta watu wanakula, unakula. Aliyekataa chakula cha mwenyeji Tagbakan bado hajazaliwa, na kama angezaliwa asingekuwa Pitang. Akaketi.

Kezia alimpakulia kwa adabu, ganda moja moja.

"Usiogope, Mwalimu. Hawa ni wa ndoo ambayo sikutia kitu."

"Na wa ndoo nyingine?"

"Walikufa mkiwa San Jose. Wa majani yaliyolowekwa ndio waliotangulia, wote kwa asubuhi moja. Wa majani mabichi wakafuata."

"Wote? Bila kubaki?"

"Bila kubaki. Na wale wa majani makavu, waliobaki hai, nimeona sababu. Majani yanaelea. Dawa inachelewa kushuka, wao wanawahi kupanda."

Basi lile jibu lilikuwa hapa, limekaa mezani mahali pa kijiko, wakati kule walilitafuta kwa penseli. Pitang alishika ganda, akafyonza. Konokono wa tui anataka kufyonzwa kwa nguvu, hatoki kwa haya, na nyumba ilikuwa kimya, kwa hiyo kila mfyonzo ulisikika mpaka kwa nyati. Alimaliza aliopewa, akaongezwa. Yale maneno marefu ya heshima yalikuwa yamepotea darajani. Yalibaki mafupi.

"Kezia, wewe unanijua nilivyo. Mimi sijui kumkataa mtu. Tangu nizaliwe."

Kezia hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake.

"Mimi ulinikataa, Mwalimu. Tena hukukawia."

Mzee Silas akakohoa, akamwongeza Pitang wali.

Alipoondoka walimfungashia. Bakuli lililojaa, jani la mgomba juu, maana mgeni harudi mikono mitupu hata akiwa mgeni wa namna gani. Akavuka daraja amelishika kwa mikono miwili. Alikuwa anapita mbele ya nyumba ya diwani, anatembea upande wa kivuli, akijua hakuna kivuli kitakachomsaidia.

"Mare!" Leonisa alikuwa barazani, anajipepea. "Unatoka wapi na harufu hiyo? Ni tui hilo?"

Alishuka ngazi, akafunua jani, akachukua mmoja, akafyonza akiwa wima, jicho moja amelifumba kwa utamu. "Nani kapika?"

"Kezia."

"Kezia yupi?"

Pitang akamtazama. Mwanamke huyu alikuwa amekwenda San Jose na kurudi, amewasema waamuzi na penseli, na jina hilo halijamkaa sikioni hata kidogo. Na lingemkaaje? Nani alikuwa amemwambia?

Akaketi kwenye ngazi ya chini, bakuli mapajani, akaeleza. Alieleza habari ya ndoo, ile ya mabichi, ile ya makavu, na ile isiyo na kitu. Alieleza shule ya Iloilo na darasa moja inalochukua. Alieleza alivyomwahidi mtoto mbele ya baba yake, na alivyomwambia kwenye ujia, kati ya kengele na kengele. Hakuacha hata hila ya matope. Leonisa alisimama na ganda tupu mkononi.

"Kwa hiyo nafasi ya wanangu," alisema mwishowe, "ilikuwa ya mtoto huyo."

"Ya mapacha au ya Shaira. Moja katika hizo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, mare? Wewe uliyemshikia mama mwavuli?"

"Ungeniambia kwa mdomo. Mimi niliomba. Kuomba si kosa, kila mtu anaomba. Rexan angebaki nyumbani angelia siku mbili, ya tatu angesahau." Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Leonisa sauti yake haishuki. "Wanangu wamesimama mbele ya mkoa mzima kama wezi wa konokono. Na mwavuli wangu ndio umeufanya sababu."

Pitang alitaka kuitikia kwa kichwa, akajizuia.

Leonisa alilitupa ganda kwenye maua. Akainama, akalirudisha jani juu ya bakuli, akalibana pembeni kwa vidole ili mchuzi usimwagike njiani. Kisha akapanda ngazi zake. Alipofika juu hakusema karibu ndani.